Kila Telekomande na Kipokezi Chake

Ndugu mfanyakazi, na wewe Mama unayetunza nyumba, na ninyi vijana mnaochukua gazeti hili baba akishaliweka mezani: leo ukurasa wetu wa usalama unazungumza juu ya kisanduku kidogo chenye antene. Kisanduku hicho ni telekomande. Kazini, kisanduku cha namna hiyo kinanyanyua mzigo wa tani nyingi, au kinaendesha mashini ya kupakia mawe mahali ambapo mtu haruhusiwi kuingia. Hapa Kisangani, wakati wa vakansi, kijana anakishika mkononi ili kurusha ndege ndogo aliyoitengeneza mwenyewe kwa frigoliti, ile nyeupe inayofungiwa televisheni, na kwa vijiti vya parasolier, mti mwepesi unaoota haraka katika mashamba yaliyoachwa.

Pengine utasema: ndege ya mtoto ni mchezo, kreni ni kazi, vinahusiana namna gani? Vinahusiana kwa sheria moja. Kipokezi kimoja lazima kitii kitumaji kimoja tu, kile kilicho chake. Kitumaji ni sehemu inayopeleka amri hewani kwa redio. Kipokezi ni sehemu iliyo ndani ya mashini au ndege, inayoipokea amri na kuitimiza. Hivi viwili visipolingana, ama hakuna kitu kinachotembea, ama kinatembea kitu ambacho hukukusudia. La kwanza ni hasara ya pesa. La pili linaweza kuwa msiba.

LOKOLE INATUFUNDISHA

Jambo hili si geni kwetu watu wa Tshopo. Uwakumbuke Walokele, majirani zetu wa mtoni, kuanzia Yakusu hadi kuelekea Isangi. Zamani habari ilipita kwa lokole kutoka kijiji hata kijiji, juu ya maji, wakati wa jioni hewa ilipotulia. Lokole ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kila mtu aliye karibu na mto anaisikia. Basi mwenye kuitwa alijuaje kwamba ni yeye?

Mpigaji hakuanza na habari. Alipiga kwanza mlio wa kuamsha masikio, kisha jina la anayeitwa. Jina hilo la ngoma lilikuwa refu: lilibeba jina lake mwenyewe, na la baba yake, na kijiji cha mama yake. Hivyo hata kama vijana kumi walikuwa na jina moja, ni mmoja tu aliyesimama na kusema: ni mimi. Wengine walisikia, lakini hawakutembea. Mwingereza John Carrington, misionari na mwalimu wa Yakusu, alijifunza lugha hiyo ya ngoma na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949.

Telekomande ya leo inafanya vilevile. Inapeleka jina kwanza, kisha amri. Kipokezi kinasikia vitumaji vingi hewani, lakini kinatii kile tu ambacho jina lake kimefundishwa.

NAMNA YA ZAMANI: KRISTALI MBILI

Mtu wa kwanza kuonyesha chombo kinachoongozwa kwa redio mbele ya watu alikuwa Nikola Tesla, mwaka 1898, mjini New York. Alikuwa na mashua ndogo ndani ya birika la maji, naye akaigeuza bila kuigusa. Baadaye wapenda ndege ndogo walipata vyombo vyao, na kwa miaka mingi walitumia masafa kama megahezi 27, 35, 40 au 72, kwa kufuata sheria ya kila nchi.

Vyombo hivyo vya zamani havikuwa na jina la kuitana. Vilikuwa na njia tu. Ndani ya kitumaji kulikuwa na kristali moja, kipande kidogo chenye namba ya njia, na ndani ya kipokezi kristali nyingine ya njia ileile. Mara nyingi kristali ya kipokezi haikuwa sawa kabisa na ile ya kitumaji: ilipungua kilohezi 455, kwa sababu kipokezi kinaishusha sauti ya redio kabla ya kuisoma. Kwa hiyo aliyeweka kristali ya kitumaji ndani ya kipokezi kwa kudhani zote ni moja hakusikia kitu.

Ubaya mkubwa wa namna hiyo ulikuwa huu: watu wawili wakiwasha vitumaji vya njia moja katika uwanja mmoja, ndege iliyokuwa juu ilichanganyikiwa na kuanguka. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana katika viwanja vya kurushia palikuwa na ubao wenye vibanio vya namba. Mwenye kibanio cha njia yake ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuwasha. Asiye na kibanio alingoja, hata kama ndiye mkubwa wa wote. Uishike adabu hiyo ya ubao, maana tutairudia tukifika kazini.

Vyombo hivyo vya zamani bado vinauzwa kwa mkono wa pili. Ukivinunua, uangalie mambo manne: masafa yawe mamoja, namba ya njia iwe moja, kristali ziwe za mtengenezaji huyo na za aina ya kipokezi hicho, na namna ya kuandika amri iwe moja. Kitumaji cha AM hakisikilizani na kipokezi cha FM. Na namna iitwayo PCM ya mtengenezaji mmoja haisomwi na kipokezi cha mwingine.

NAMNA YA LEO: KUOANISHA

Tangu miaka ya 2005 na 2006 vyombo vingi vya ndege ndogo vimehamia gigahezi 2.4. Hapo kitumaji hakikai katika njia moja. Kinaruka kutoka njia hadi njia mara nyingi kwa sekunde, au kinatandaza sauti yake, na kila amri inabeba namba ya kitumaji chenyewe. Watu wengi wanaweza kurusha pamoja bila kugombana.

Lakini kipokezi kipya hakimjui bwana wake. Lazima umfundishe. Kazi hiyo huitwa kuoanisha, nayo hufanyika hivi:

1. Ondoa helisi, ile inayozunguka puani mwa ndege. Mota ikishtuka bila helisi, haikati kidole cha mtu.

2. Hakikisha antene ya kitumaji imefungwa vizuri. Ukiwasha moduli yenye nguvu bila antene, unaweza kuiharibu kwa dakika chache.

3. Chagua katika kitumaji ndege unayotaka. Vitumaji vya leo vinaweka kumbukumbu ya ndege nyingi.

4. Weka kitumaji karibu na kipokezi, lakini si cha kugusana. Mita moja yatosha kwa vyombo vingi. Jirani asioanishe chombo chake wakati huohuo, kipokezi chako kisije kikamshika yeye.

5. Bonyeza kifungo cha kipokezi, au chomeka kile kiplagi kidogo cha kuoanishia, huku ukikitia umeme. Taa itapepesa. Weka kitumaji katika hali ya kuoanisha. Taa ya kipokezi ikitulia, ndoa imefungwa.

6. Zima vyote viwili, ondoa kiplagi, kisha washa tena na ujaribu kila amri.

Siku zote washa kitumaji kwanza, kisha ndege. Wakati wa kuzima, zima ndege kwanza, kisha kitumaji. Ndege isikae hata dakika moja imewashwa bila bwana wake.

GIGAHEZI 2.4 HAITOSHI

Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza pesa. Baba anatoka kazini na dola zake, anaona kipokezi kimeandikwa 2.4, anakumbuka kwamba telekomande ya mwanawe pia ni 2.4, anakinunua. Kufika nyumbani, taa inapepesa usiku kucha wala haitulii.

Kusema 2.4 ni kama kusema kwamba watu wawili wanakaa katika soko moja. Haikuambii kwamba wanazungumza lugha moja. Mmoja anasema Kiswahili, mwingine Kilingala, wa tatu Kilokele. Vyombo hivi pia vina lugha zake. Spektrum inatumia DSM2 na DSMX. Futaba ina FASST na nyingine kadhaa. FrSky ina ACCST, na FlySky ina AFHDS. Lugha ya mmoja haisikiwi na kipokezi cha mwingine, isipokuwa kimetengenezwa kuiga lugha hiyo.

Tena hata lugha moja ina lahaja. Vyombo vya FrSky vinavyouzwa Ulaya vinaweza kuwa na programu ya kufuata sheria ya huko, na kipokezi chenye programu hiyo hakioani na kitumaji chenye programu ya nchi nyingine, hata kama maganda yao ni mamoja. Baadaye kampani hiyo ilitoa programu mpya ya ACCST. Kitumaji chenye programu mpya hakioani na kipokezi kilichobaki na ya zamani. Vilevile kwa mtindo uitwao ExpressLRS: namba kubwa ya programu lazima iwe moja pande zote mbili, na masafa pia, kwa maana mtindo huo upo wa gigahezi 2.4 na upo wa megahezi 868 au 915.

Vitumaji vingine vina nafasi mgongoni ya kuchomeka moduli. Moduli ni kinywa cha kitumaji. Ukibadili moduli, umebadili lugha bila kununua kitumaji kipya. Zipo hata moduli zinazosema lugha nyingi, nazo zinamfaa mwenye ndege za watengenezaji mbalimbali. Lakini hapo pia uangalie kwanza: je, moduli inaingia katika nafasi hiyo? Je, kitumaji kinaipa umeme unaofaa? Je, katika orodha ya kitumaji umeichagua lugha hiyo?

Basi kabla ya kutoa pesa, andika kwenye karatasi maneno haya matano: mtengenezaji, jina la moduli, lugha, namba ya programu, na masafa. Karatasi hiyo umpe mwenye duka. Asipoweza kukujibu, rudi na dola zako nyumbani.

SAUTI IKIPOTEA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe la uhai. Redio si kamba. Inaweza kukatika. Chuma kinaizuia, mwamba unaizuia, mwili wa mtu unaizuia, na majani mabichi ya msitu wetu, hasa baada ya mvua, yanaidhoofisha sana. Kwa hiyo ujiulize kila mara: sauti ikipotea, chombo changu kitafanya nini?

Kipokezi kizuri kinaweka amri ya akiba. Kisiposikia bwana wake, kinaitimiza amri hiyo. Kwa ndege ndogo, amri ya akiba lazima iwe kwanza kuzima mota. Kama hukuiweka wewe, kipokezi kinaweza kushika amri ya mwisho, na ndege itakwenda na mota yake wazi mpaka ikutane na kitu au na mtu.

Ujaribu hivi: helisi imeondolewa, ndege imeshikwa vizuri, mota inazunguka polepole. Zima kitumaji. Mota isiposimama, ndege hiyo hairuki leo. Kisha ujaribu umbali. Vitumaji vingi vina hali ya kupunguza nguvu kwa ajili ya jaribio hilo. Hatua thelathini ni kipimo cha kawaida kwa vyombo kadhaa, lakini usome kitabu cha chombo chako. Ndege inayotii mezani na kusitasita kwenye hatua ishirini, ukiirusha utaitafuta ng'ambo ya mto.

Jambo jingine: kuoana si kulingana kwa kila kitu. Kama kitumaji kina kumbukumbu ya ndege kumi na umechagua ile isiyo yako, ndege inaweza kutii huku imegeuzwa: unaiambia kushoto, inakwenda kulia. Kabla ya kila kuruka, tikisa kila bawa na mkia, uangalie kwa macho yako kwamba vinakwenda upande uliotaka.

SASA NJOO KAZINI

Mfanyakazi, yote uliyosoma juu ya ndege ya mwanao yanakuhusu wewe. Kreni ya telekomande ina kitumaji na kipokezi. Mashini ya kupakia mawe inayoongozwa kwa mbali inavyo pia. Katika mgodi wa dhahabu wa Kibali, kule Haut-Uele, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013, waendeshaji wanakaa juu ya ardhi na kuongoza mashini za kupakia zilizo chini sana. Huko hakuna kuoanisha kwa kiplagi kidogo, lakini sheria ni ileile: kila amri ifike kwa mashini yake na si kwa nyingine.

Fikiri karakana yenye kreni mbili. Telekomande mbili zinafanana, zote za rangi moja, zimewekwa kwenye meza moja. Unachukua moja kwa haraka, unabonyeza "juu". Kreni iliyo mbele yako haitembei. Unabonyeza tena kwa nguvu. Nyuma yako, upande wa pili wa karakana, mzigo unanyanyuka, na mwenzako amepiga magoti chini yake akifunga mnyororo. Hakuna chombo kilichoharibika hapo. Kitumaji kimetii, kipokezi kimetii. Mtu ndiye aliyeshika jina la mwingine.

Kwa hiyo, ndugu:

Namba ya telekomande na namba ya mashini ziandikwe kwa herufi kubwa, za rangi moja, zisomeke toka mbali. Telekomande ikae mahali pake, na ufunguo wake uwe kwa mtu mmoja anayeandika nani ameichukua. Hiyo ndiyo adabu ya ubao wa vibanio. Kabla ya kunyanyua, jaribu kwanza kifungo chekundu cha kusimamisha, kisha amri ndogo moja bila mzigo, ukiangalia ni mashini gani inayoitika.

Kama mashini haitembei, usibonyeze mara ya pili. Simama, angalia namba, uliza. Amri ambayo huoni imefanya nini, imefanya kitu mahali usipopaona.

Telekomande ikiharibika, usiazime ya mashini nyingine. Kuweka ya akiba na kuioanisha ni kazi ya fundi aliyeruhusiwa, mashini ikiwa imefungwa umeme wake na hakuna mtu karibu. Fundi akimaliza, ajaribu tena kwamba ile telekomande ya zamani haitiiwi tena. Mashini moja isiwe na mabwana wawili.

Wala usisahau mahali unaposimama wewe mwenyewe. Mwendeshaji wa telekomande hana kibanda cha chuma kinachomlinda. Huko Marekani wachimbaji wa makaa ya mawe wamekufa kwa kubanwa kati ya ukuta na mashini waliyokuwa wakiiongoza kwa mikono yao wenyewe, mpaka mwaka 2015 serikali ikatoa sheria kwamba mashini za kukata makaa ziwekewe chombo kinachozisimamisha mtu akikaribia. Simama mahali ambapo mashini haiwezi kufika hata ikienda upande usioutaka.

BARUTI NA REDIO

Fataki za umeme za kulipulia baruti zina nyaya, na nyaya hizo zinaweza kufanya kazi kama antene. Kitumaji chenye nguvu kikiwa karibu, umeme mdogo unaingia ndani yake, na fataki inaweza kulipuka kabla ya saa. Ndiyo maana kuna ubao unaosema uzime redio. Ubao huo ni wa redio za mkononi, na simu, na telekomande yoyote, hata ile ya ndege uliyobeba mfukoni kumpelekea mwanao. Kama kitumaji kiliacha bwana wake, hakikuacha umeme wake. Kizime, toa betri, ukiache mlangoni.

NENO KWA NYUMBA

Mama, betri za ndege hizi ni za litiamu. Chumba kimoja cha betri kikijaa ni volti 4.2, na kisipitishwe hapo. Zitiwe umeme kwa chaji yake, juu ya sahani au tofali, mbali na kitanda na pazia, na mtu awe macho. Betri iliyovimba haichajiwi tena. Umeme ukirudi usiku wakati wote wamelala, chaji iwe imeshatolewa ukutani.

Nawe kijana, uliza ruhusa kwanza. Mamlaka ya usafiri wa anga katika nchi yetu ni AAC, na wakuu wa mji wana neno pia. Usirushe karibu na Bangboka wala Simi-Simi, wala juu ya soko, shule, kambi ya askari au nyaya za umeme zinazotoka maporomoko ya Tshopo. Katika miaka hii ndege zisizo na rubani zimetumika vitani mashariki ya nchi. Askari anayeona kitu kinapita juu yake hawezi kujua kwamba ni frigoliti na vijiti vya mtoto wa darasa la sita. Asiyejulikana hewani ni hatari kwa wengine, na kwa nafsi yake.

Haya basi, uyashike mambo matatu. Ujue jina la kitumaji chako. Ujue kipokezi kinachokitii. Ujue kipokezi hicho kitafanya nini siku sauti yako isipofika. Mwambie mwenzako wa zamu leo, na jioni umwonyeshe mwanao.